Maswali na Majibu: Kupima Ubongo wa Mtu Anayetembea

Toleo lililopita tuliandika aya chache kuhusu watafiti wanaomvisha mtu kofia ya elektrodi, yaani vipande vidogo vinavyonasa umeme kwenye ngozi, na kusoma mawimbi ya ubongo wake huku anatembea, kazi ambayo wengi huiita EEG ya mwendo (EEG ni kipimo cha umeme wa ubongo). Barua zilizotufikia ni nyingi: baadhi zimetoka kwa wanafunzi walioanza kuifanya kazi hiyo, nyingine kwa watu wanaotaka tu kuielewa. Tumechagua saba. Zilizokuwa ndefu tumezifupisha.

Nilifundishwa shuleni kwamba kutembea ni kazi ya uti wa mgongo, ndiyo maana mtu anatembea huku anaongea na simu. Sasa ubongo unapimwa wa nini?
*Msomaji, Tanga*

Ulichofundishwa si uongo. Tangu 1911 Thomas Graham Brown alionyesha kwamba uti wa mgongo wa paka, hata ukitenganishwa na ubongo, unaweza wenyewe kutoa mpigo wa zamu kati ya misuli inayokunja mguu na ile inayounyoosha. Ila binadamu anasimama juu ya miguu miwili, kichwa kizito kikiwa juu, na kila hatua ni kuanguka kunakozuiliwa kwa wakati. Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Copenhagen lilionyesha kwamba mawimbi ya ubongo yanayopimwa utosini, kati ya hezi 24 na 40, yanakwenda sambamba na umeme wa msuli wa mbele ya muundi muda mfupi kabla kisigino hakijagusa chini, na ubongo ndio unaotangulia. Msuli huo ndio unaoinua sehemu ya mbele ya wayo ili vidole visijikwae.

Na kuhusu simu: mwombe mzee wa miaka sabini atembee huku anahesabu kurudi nyuma saba saba kutoka 100. Mara nyingi mwendo utapungua, au hesabu itaharibika, au vyote viwili. Ubongo una kazi katika kutembea. Kwa kijana mwenye afya kwenye sakafu tambarare kazi hiyo ni ndogo, basi haionekani kwa macho.

Nimerekodi watu sita kwenye tredimili, mashine ya kutembelea yenye mkanda unaozunguka, kwa chaneli 32, yaani elektrodi 32. Nikipanga data kwa kufuata kisigino kinapogusa mkanda, naona nguvu ya mawimbi kati ya hezi 30 na 80 ikipanda na kushuka kwa kila hatua, safi kabisa, kwa watu wote sita. Msimamizi wangu anataka tuandike makala. Je, huu ni ubongo?
*Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma*

Usiandike bado. Kinachotutia shaka ni hicho hicho unachokisifia, kwamba picha ni safi mno. Mawimbi ya ubongo yanayofika kwenye ngozi ya kichwa ni makumi ya mikrovolti tu, na yale ya juu ya hezi 30 ni madogo zaidi ya hapo. Kisigino kinapogonga mkanda, mtikisiko unapanda mfupa kwa mfupa hadi kichwani, elektrodi inasogea kidogo juu ya jeli, waya unayumba, na misuli ya shingo inakaza kukizuia kichwa kisitupwe mbele. Yote hayo hutokea kwa kufuata mpigo wa hatua. Kwa hiyo chochote kinachocheza na hatua kina washukiwa watatu kabla ya ubongo: elektrodi, waya na shingo. Katika masafa uliyoyataja, shingo ndiye mshukiwa wa kwanza, kwa sababu umeme wa misuli huanza kujaza rekodi kuanzia karibu hezi 20 na kuendelea juu kwa upana.

Historia ya kazi hii ni historia ya kubishana juu ya swali lako. Mwaka 2010 Joseph Gwin, Klaus Gramann, Scott Makeig na Daniel Ferris walichapisha rekodi za elektrodi 248 kwa watu wanaotembea kwa mita 0.8 na 1.25 kwa sekunde na kukimbia kwa mita 1.9, wakaeleza namna ya kutoa uchafu wa mjongeo. Mwaka uliofuata wakaripoti shughuli ya gamba la ubongo inayofuata awamu za hatua. Watu walifurahi, kisha wakaanza kuuliza: mna hakika gani? Jibu bora lilitoka upande wa Ferris mwenyewe. Mwaka 2015 yeye na wenzake, Julia Kline akiwa mwandishi wa kwanza, waliwavisha watu kofia ya kuogelea ya silikoni ili umeme wa ubongo usipite, juu yake wakaweka wigi lililopakwa jeli inayopitisha umeme liwe ngozi ya bandia, kisha elektrodi za EEG juu ya wigi. Walichorekodi kilikuwa mjongeo mtupu, hakuna ubongo ndani yake. Uchafu huo ulibadilika kwa kila mtu, kwa kila elektrodi na kwa kila kasi, na njia za kawaida za kusafisha hazikuweza kuuondoa wote. Tunalipenda jaribio hilo kwa sababu linaweza kufanyika popote. Kofia ya silikoni inauzwa kwenye maduka ya michezo, na wigi lipo kila soko.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya makala. Chukua angalau wawili kati ya wale sita, warekodi upya kwa kofia ya silikoni na wigi, kwa kasi ile ile na kwa amplifaya (kikuza mawimbi) ile ile. Pitisha data hiyo kwenye hatua zote za uchambuzi wako bila kubadilisha hata namba moja. Ukipata tena mpando na mshuko wa hezi 30 hadi 80, umepata jibu.

La pili, badilisha kasi. Rekodi mita 0.4, 0.8, 1.2 na 1.6 kwa sekunde. Uchafu wa mjongeo hukua kadiri mtu anavyoongeza kasi, kwa kuwa kisigino kinagonga kwa nguvu zaidi. Hili peke yake halithibitishi kitu, lakini ukiona nguvu ya mawimbi ikipanda sawia na mtikisiko unaoonyeshwa na akselerometa iliyobandikwa kwenye kipaji cha uso, shaka iongezeke.

La tatu, angalia sura ya spektra (nguvu ya mawimbi kwa kila masafa) ya kila kijenzi baada ya uchambuzi wa vijenzi huru, yaani ICA, hesabu inayotenganisha vyanzo vilivyochanganyika kwenye chaneli. Kijenzi cha ubongo hushuka kadiri masafa yanavyopanda, na mara nyingi kina nundu karibu na hezi 10, wakati mwingine nyingine karibu na 20. Kijenzi cha msuli hufanya kinyume: kiko chini mwanzoni, kisha kinapanda kuanzia hezi 20 au 30 na kubaki juu. Halafu angalia mahali. Kikiegemea elektrodi za kisogoni au za nyuma ya masikio, hiyo ni shingo. Programu ya ICLabel, inayotumika ndani ya EEGLAB, programu ya kuchambua EEG, itakupa makadirio ya kila kijenzi, lakini ilifunzwa zaidi kwa rekodi za watu waliotulia, basi usiiachie uamuzi wote.

Kwa chaneli 32 kuna ugumu mwingine. ICA haiwezi kutoa vijenzi vingi kuliko chaneli, na kwa mtu anayetembea, macho, moyo, misuli minane au kumi ya shingo na uso, pamoja na nyaya, vinagombania nafasi hizo. Ubongo unabakiwa na chache. Ndiyo maana maabara zilizobobea hutumia chaneli 64, 128 au zaidi, na nyingine huongeza elektrodi kwenye misuli ya shingo yenyewe. Maabara ya Ferris iliendelea hadi kofia ya tabaka mbili: kila elektrodi inayogusa ngozi ina mwenzake aliyegeuzwa juu, asiyegusa ngozi, anayesikia mtikisiko wa waya peke yake. Kelele ya yule wa juu hutumika kusafisha wa chini.

Tunafahamu msimamizi ana haraka. Lakini kama kuna kitu kinachoaminika zaidi kwenye data yako, kitafute kwanza katika hezi 8 hadi 30 juu ya utosi, ukilinganisha kutembea na kusimama. Hapo nguvu ya mawimbi hushuka mtu anapotembea, na matokeo hayo yamerudiwa na maabara kadhaa, zikiwemo za Graz, Austria, zilizotumia roboti inayosogeza miguu. Usipoyaona kwenye watu wako sita, kuna kitu kimekosewa kabla hata ya kufika kwenye hezi 80.

Na jihadhari na msingi wa kulinganishia. Ukiondoa kwenye data wastani wa mzunguko mzima wa hatua, utaona tu kinachopanda na kushuka ndani ya hatua, na kile kilichoshuka moja kwa moja muda wote wa kutembea kitapotea. Ukiondoa wastani wa kusimama, kile kilichoshuka muda wote kitaonekana. Ripoti zote mbili, na useme wazi ipi ni ipi.

Washiriki wetu wengi wana nywele za kipilipili, wamesuka au wamevaa wivingi. Ukinzani wa umeme kati ya elektrodi na ngozi haushuki, na tumeanza kuwaondoa kwenye utafiti. Kuna njia? Pia wanawake wa hijabu tuwafanyeje?
*Fundi wa maabara ya chuo, Mombasa*

Msiwaondoe. Utafiti wa ubongo unaofanyika pwani ya Afrika Mashariki kisha ukawaacha nje watu kwa sababu ya nywele zao utakuwa umepima kitu kingine, si watu wa hapo. Kofia hizi zilibuniwa kwa nywele zilizonyooka, na kasoro ni ya kofia.

Njia ipo, na ilitoka kwenye kusuka kwenyewe. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walieleza namna ya kusuka mistari inayofuata ramani ya elektrodi ili njia za ngozi zipite pale pale elektrodi zinapotakiwa kukaa, pamoja na vishikizo vinavyojibana chini ya misuko. Kwetu, mistari ya kwenda nyuma mnaijua. Huku bara wengine wanaita twende kilioni. Kinachobadilika ni vipimo.

Pima kwanza. Kutoka kishimo cha juu ya pua, katikati ya macho, hadi kinundu cha kisogoni, tuseme ni sentimeta 36. Nusu yake, 18, ni katikati ya utosi. Hakikisha nukta hiyo iko pia katikati ya mstari unaotoka kishimo cha mbele ya sikio moja hadi cha jingine. Njia ya kwanza ya ngozi ipite katikati ya kichwa, mbele hadi nyuma. Kama sikio hadi sikio ni sentimeta 34, njia nyingine mbili zipite sentimeta 6.8 kushoto na kulia mwa utosi, maana hiyo ni asilimia 20 ya 34, na hapo ndipo elektrodi za C3 na C4 zinapokaa. Mkitumia chaneli 64 ongezeni njia kwenye sentimeta 3.4, katikati ya hizo. Msusi mzuri akipewa kofia tupu aiangalie na kipimo cha utepe ataelewa haraka kuliko mhandisi.

Mwambie mshiriki wiki moja kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Aoshe nywele usiku wa kuamkia, asipake mafuta ya nazi wala krimu yoyote, asuke bila rasta za kuongeza. Siku ya kurekodi, futa kila njia ya ngozi kwa pamba yenye spiriti, sugua taratibu kwa jeli yenye chembechembe, kisha ingiza jeli ya elektrodi kwa sirinji yenye sindano butu. Kwa elektrodi za kawaida lengeni chini ya kiloomu 10. Elektrodi zenye amplifaya ndani yake zinavumilia zaidi, lakini mtu akitembea, ukinzani mkubwa unazidisha kelele za waya, basi msibweteke.

Wivingi iliyoshonwa juu ya wavu haiwezekani kabisa kwa sababu wavu unafunika ngozi. Mpangieni mshiriki tarehe atakayokuwa ameifumua, na mfidieni gharama ya kusuka. Mwenye dredi anaweza kurekodiwa, ila kwa chaneli chache zinazopita katikati ya vigawanyo vyake.

Wenye hijabu: chumba cha faragha, fundi mwanamke wa kuvalisha kofia na wa kusoma ukinzani, na mlango unaofungwa. Baada ya kofia kukaa sawa, mtandio mwepesi wa pamba unaweza kufungwa juu yake na mtu akatembea mbele ya wengine. Ufungwe kabla ya kurekodi na ubane vizuri, kwa sababu kitambaa kinachoteleza juu ya nyaya kinaacha alama kwenye data. Mkifanya hivyo kwa wachache, wafungeni wote kitambaa cha aina hiyo, wanaume kwa wanawake, ili kelele iwe sawa kwa kila mshiriki.

Dakika ngapi za kutembea zinatosha?
*Msomaji, Nairobi*

Kuna mahitaji mawili tofauti. ICA inahitaji sampuli nyingi: kanuni inayotumika sana ni chaneli kipeo cha pili, mara 20 au 30. Kwa chaneli 64, 64 mara 64 ni 4,096, mara 30 ni 122,880. Ukirekodi sampuli 250 kwa sekunde, hizo ni sekunde 492, yaani dakika nane na kidogo. Kwa chaneli 128 inafika dakika 33. Hizo ni dakika za data iliyobaki baada ya kukata sehemu mbovu, kwa hiyo ongeza theluthi. Kuongeza kasi ya sampuli hakukuongezei habari mpya sana, ongeza muda. Kabla ya ICA chuja kila kilicho chini ya hezi 1, na kwa watembeao hata hezi 2 inasaidia. Chujio hilo litumike kwa ICA tu. Ukipata vijenzi unaweza kuvirudisha kwenye data iliyochujwa kwa upole zaidi.

Hitaji la pili ni idadi ya hatua. Mtu wa hatua 110 kwa dakika anakamilisha mizunguko 55, maana mzunguko mmoja ni kisigino kile kile kugusa mara mbili. Dakika kumi ni mizunguko 550, na hiyo inatosha kwa wastani mzuri. Ila mizunguko haina urefu sawa, hivyo inyooshe au ifupishe kila mmoja ili kugusa kwa kisigino na kuinuka kwa kidole viangukie mahali pale pale katika kila mzunguko kabla hujawastanisha.

Tunatumia vihisio vya miguuni vya kampuni moja na amplifaya ya nyingine. Mwanzo wa rekodi kila kitu kinaendana, baada ya nusu saa visigino vinaonekana kuchelewa. Tatizo ni nini?
*Mwanafunzi wa uhandisi, Arusha*

Saa mbili hazikimbii sawa. Fuwele inayoendesha saa ndani ya kifaa kinaweza kukosea sehemu 50 kwa milioni, na hilo linaonekana dogo mpaka ulihesabu: sekunde 1,800 mara 50 kwa milioni ni milisekunde 90. Wimbi la hezi 30 linakamilika kwa milisekunde 33. Kwa hiyo mwisho wa nusu saa umepotea karibu mawimbi matatu, na hakuna wastani utakaokuokoa.

Alama moja mwanzoni inarekebisha tofauti ya kuanza, si tofauti ya mwendo wa saa. Weka mbili, mwanzoni na mwishoni, na ikiwezekana kila dakika tano. Bora zaidi ni mpigo wa umeme unaoingia kwenye vifaa vyote viwili kwa waya. Kama kihisio cha mguuni hakina mlango wa waya, kigonge mezani mara tatu, huku kitufe kilichounganishwa na amplifaya kikiwa chini yake. Alama itabaki pande zote. Programu ya Lab Streaming Layer hurekebisha saa yenyewe kupitia mtandao na ni ya bure, lakini haijui ucheleweshaji uliomo ndani ya kifaa kabla data haijaifikia. Huo upime mara moja kwa kugonga, kisha uutoe. Kama ucheleweshaji unarukaruka badala ya kubaki pale pale, shida ni bluututhi. Rekodi kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya kifaa.

Nafundisha fiziotherapia na tunataka kuanza kupima wagonjwa wa kiharusi wanapojifunza kutembea tena. Tuchague EEG au vile vifaa vya mwanga, fNIRS?
*Mwalimu, Moshi*

Inategemea swali lenu linahusu hatua moja moja au dakika nzima. Vifaa vya mwanga hutuma infraredi, kwa kawaida karibu na nanomita 760 na 850, kupitia fuvu, na kusoma kiasi cha hemoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo. Mahali panapofanya kazi, ya kwanza hupanda na ya pili hushuka kidogo. Ichiro Miyai na wenzake wa Japani walitumia njia hii kuonyesha gamba la ubongo wa mtu anayetembea mwaka 2001, miaka mingi kabla EEG haijathubutu. Uzuri wake kwa wagonjwa ni kwamba mtikisiko haukisumbui kifaa kama unavyosumbua EEG, na kuvalisha ni dakika kumi au kumi na tano.

Gharama yake ni muda. Damu huchelewa: kilele huja sekunde tano au sita baada ya kazi kuanza. Hatua ni nusu sekunde. Hamtaona kisigino wala kidole, mtaona tu kwamba kutembea kwa sekunde 30 kulihitaji kazi zaidi ya kusimama kwa sekunde 30. Kwa swali la kliniki, kama mgonjwa anatumia sehemu ya mbele ya ubongo kupita kiasi ili atembee na kama matumizi hayo yanapungua baada ya wiki sita za mazoezi, hiyo inatosha, na sisi tungeanza na fNIRS.

Mambo matatu yanayoharibu. Kwanza, ngozi ya kichwa nayo ina damu, na mtu akitembea moyo unapiga haraka na damu ya ngozi inaongezeka, basi kila chaneli inaonekana kama ubongo unafanya kazi. Chanzo na kipokezi huwekwa sentimeta 3 mbali ili mwanga ufike kwenye gamba. Ongezeni vipokezi vilivyo milimita 8 tu kutoka kwenye chanzo, yaani chaneli fupi, ambavyo vinaona ngozi tu, muitoe kwa hesabu. Kifaa kisicho na chaneli fupi msikinunue kwa kazi ya kutembea. Pili, jua. Mwanga wa nje huzidi nguvu vipokezi, na dirisha la kawaida la Moshi saa sita mchana linatosha kufanya hivyo. Fungeni mapazia na mvike kofia nyeusi juu. Tatu, nywele nyeusi na ngozi nyeusi hunyonya mwanga. Kipaji cha uso hakina nywele, basi anzeni hapo, na kwa utosi tumieni njia za kusuka tulizoeleza kwenye jibu la Mombasa. Jaribuni kifaa kwa watu wenu kabla ya kulipia, si kwa picha za muuzaji.

Mgonjwa wa kiharusi asipande tredimili bila mkanda wa kumning'iniza kutoka juu na mtu wa kusimama upande wake dhaifu. Kibali cha maadili mtakiomba chuoni, na utafiti wa afya Tanzania unapita NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu; wenzenu wa Kenya wana NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ombeni mapema.

Baba yangu ana ugonjwa wa Parkinson, miguu inaganda mlangoni. Kofia hii inaweza kumsaidia? Na je, joto la Dar halitaharibu vipimo?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Pole, dada. Kwa sasa kofia hii ni chombo cha utafiti. Haithibitishi ugonjwa wala haitibu kuganda, na mtu akikuuzia kipimo chake kwa ahadi hiyo, usilipe. Kinachomsaidia baba ni daktari wa mfumo wa fahamu kuangalia saa za dawa zake, kwa kuwa kuganda mara nyingi huzidi dozi inapokwisha nguvu, pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia wa kumfundisha alama. Mistari ya utepe wenye rangi sakafuni kuvuka mlango, kila mmoja umbali wa hatua yake ya kawaida, huwasaidia wengi kuvuka. Mdundo wa kuhesabu kwa sauti nao husaidia. Msimvute mkono anapoganda. Mwacheni asimame, ahamishie uzito mguu mmoja, kisha aanze na mwingine. Akipata nafasi ya kushiriki utafiti na akapenda, vizuri, maana wanaoganda ndio hasa wanaohitajika.

Joto linaharibu, ndiyo. Jasho huleta mawimbi ya polepole, chini ya nusu hezi, ambayo chujio linaweza kuyaondoa. Kubwa zaidi ni kwamba jasho huunganisha jeli ya elektrodi mbili jirani zikawa moja, na hapo chujio halina msaada. Ili kulibaini, toa chaneli moja kutoka jirani yake: tofauti ikiwa karibu na sifuri muda wote, zimeungana. Chumba kiwe nyuzi 22 hadi 24, feni ielekezwe kifuani na si kichwani maana hupeperusha nyaya, mtu atembee kwa vipande vya dakika tano, na ukinzani usomwe upya kila robo saa.

Na kwa watafiti wa Dar wanaosoma jibu hili: umeme wetu ni hezi 50 na mota ya tredimili huzidisha kelele hiyo. Kabla ya mshiriki kutembea, rekodini dakika mbili ameketi amefumba macho, dakika mbili amesimama mkanda ukiwa umezimwa, na dakika mbili amesimama kwenye kingo za pembeni huku mkanda unazunguka chini yake. Katika ya kwanza lazima muone mawimbi ya hezi 8 hadi 13 kisogoni. Yasipoonekana kwa mshiriki wa kwanza wala wa pili, kagueni elektrodi ya rejea na ile ya ardhi kabla ya kitu kingine chochote. Tofauti kati ya ya pili na ya tatu ndiyo kelele ya mota yenu. Ikiwa kubwa, sogezeni amplifaya mbali na mota, itumieni kwa betri, na nyaya za kofia zifungwe pamoja nyuma ya shingo ziwe fupi iwezekanavyo.